Akiba Inayofuata Siku ya Pesa: Mwongozo kwa Viongozi wa Sacco za Mombasa

Karibu kila ofisi ya chama cha akiba na mikopo, kuanzia zile za Moi Avenue hadi vyumba vidogo vya Kongowea na Changamwe, ina tangazo ukutani linalomhimiza mwanachama aweke akiba. Mwanachama hakosi himizo. Amesikia tangu utotoni kwamba haba na haba hujaza kibaba, na hana ubishi na methali hiyo; kinachomkwamisha ni kwamba pesa yake humfikia kwa siku na kwa njia ambazo sacco haikuzifikiria ilipopanga utaratibu wa michango. Dereva wa tuktuk hupata pesa kila jioni na kuwa ameimaliza asubuhi, mhudumu wa hoteli ya Nyali huwa na zamu nyingi kuanzia Desemba na kurudishwa nyumbani mvua za masika zinapoanza, mvuvi wa Likoni hutegemea kaskazi na kukaa pwani wakati wa kusi, naye karani wa bandarini hulipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Wote wanne wakiambiwa walete shilingi elfu mbili kabla ya tarehe tano, ni karani peke yake ambaye utaratibu huo ulitungwa kwa ajili yake.

Mwongozo huu unawahusu wajumbe wa kamati za usimamizi na kamati za elimu, hasa katika sacco ndogo na za kati ambazo hazina idara ya masoko wala mtaalamu wa kuajiriwa. Nia yake ni kuonyesha namna ya kupanga akiba ifuate pesa ya mwanachama inapopita, na namna ya kumpa mwanachama huyo sababu ya kweli ya kuiacha pesa yake chamani mwaka baada ya mwaka.

Jueni kwanza pesa ya wanachama huingia lini

Chukueni daftari la wanachama na mwagawe kwa chanzo cha kipato, si kwa mtaa wala kwa tarehe ya kujiunga. Kisha ongeeni na watu wachache wa kila kundi, ana kwa ana, mkiwauliza mambo matatu: pesa hukufikia siku gani, hutoka mkononi mwa nani, na ni mwezi gani wa mwaka ambao hukuelemea kuliko mingine. Maswali haya ni mepesi, lakini majibu yake hutofautiana na fomu za kujiunga, kwa sababu fomu huuliza mshahara wa mwezi hata kwa mtu ambaye hajawahi kuwa nao.

Majibu hayo yawekeni kwenye kalenda ya mwaka mzima. Januari ni mwezi wa karo na sare za shule. Ramadhani na Idi hubeba gharama zake za futari, nguo na wageni, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa kawaida kwa siku kumi au kumi na moja, kalenda ya mwaka jana haiwezi kunakiliwa kama ilivyo. Kuanzia Aprili hadi Juni hoteli nyingi za ufuoni hupunguza wafanyakazi, na baadhi hufunga milango kwa muda. Kusi ikivuma, mashua ndogo hazitoki nje ya mwamba. Kamati ikishaiona picha hii haitashangaa tena kwa nini michango hushuka Mei, wala haitaandika barua ya onyo kwa mtu ambaye hana zamu.

Kinachofuata ni kubadilisha namna mchango wa chini unavyohesabiwa. Sacco nyingi huweka kiwango cha mwezi, na kiwango hicho kina maana yake, lakini hakuna kinachozuia kiwekwe kwa mwaka kwa wanachama wa kipato cha msimu: mhudumu wa hoteli anayetakiwa kuweka shilingi 24,000 kwa mwaka anaweza kuweka 4,000 kila mwezi kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha akapumzika bila kuhesabiwa kuwa amelala, yaani ameacha kuchanga. Badiliko la namna hii likigusa sheria ndogo za chama lazima lipitishwe na mkutano mkuu, na halina nguvu mpaka lisajiliwe na Kamishna wa Maendeleo ya Ushirika, kwa hiyo lianzeni mapema ili liwe tayari kabla ya msimu.

Pesa ikatwe kabla haijapita mkononi

Njia ya makato ya mshahara ndiyo iliyozikuza sacco za wafanyakazi nchini Kenya, zikiwemo zile zilizozaliwa bandarini, na siri ya nguvu yake iko wazi: mfanyakazi hufanya uamuzi mara moja, anapotia sahihi fomu, na baada ya hapo akiba huendelea bila kumtaka aamue upya kila mwezi huku mahitaji ya nyumbani yakimtazama. Sheria ya Vyama vya Ushirika inamtaka mwajiri anayekata pesa hizo aziwasilishe kwa chama, na Sheria ya Ajira ya 2007 inaweka mpaka kwamba makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Kamati isisahau mpaka huo. Mwanachama ambaye mshahara wake umekwisha kwenye mikopo hana mahali pa kukata akiba zaidi, na kumshawishi aongeze ni kumsukuma kwenye madeni ya simu.

Upo wakati mmoja ambao mfanyakazi huyu hukubali kuongeza akiba bila maumivu, nao ni pale nyongeza ya mshahara inapokaribia lakini bado haijafika. Wanauchumi Richard Thaler na Shlomo Benartzi walichapisha mwaka 2004 matokeo ya mpango uliowaomba wafanyakazi nchini Marekani waahidi mapema kwamba sehemu ya kila nyongeza ijayo itaingia katika akiba. Kwa miezi 40, kiwango cha akiba cha waliojiunga kilipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 13.6 ya mshahara. Hapa Mombasa fursa hiyo inajulikana kwa tarehe, kwa kuwa nyongeza za wafanyakazi wa hoteli na wa bandari hutokana na mikataba ya pamoja ambayo vyama vya wafanyakazi kama KUDHEIHA na Dock Workers Union hujadiliana na waajiri. Fomu ya kuongeza makato inapaswa kuwa mezani mazungumzo yanapofikia tamati, si miezi sita baadaye wakati nyongeza imekwisha kuzoeleka nyumbani.

Kwa asiye na mshahara, kamati itafute mahali ambapo pesa hupita kabla ya kutawanyika. Mvuvi hulipwa kwenye mizani, pale samaki wanapopimwa na kukabidhiwa mchuuzi. Kikundi cha wavuvi wa bandari moja ndogo kinaweza kukubaliana kwamba shilingi kadhaa kwa kila kilo ziingie sacco, zikiandikwa hapo hapo kwa jina la kila mmoja. Mpango huu una uzuri wa kujirekebisha wenyewe, kwa maana siku ya samaki wengi akiba huwa nyingi, na siku ya nyavu tupu hakuna anayedaiwa. Dereva wa tuktuk humpelekea mwenye chombo kiasi cha siku, na mwenye chombo akiwa naye ni mwanachama anaweza kukubali kutuma akiba ya dereva pamoja na yake, mradi dereva apate ujumbe wa kuthibitisha kwa simu yake mwenyewe. Muuza mboga wa Kongowea huagiza mzigo alfajiri na kuuza mpaka mchana, kwa hiyo saa yake ya kuweka akiba ni ile ya kufunga hesabu, kabla ya kuagiza mzigo wa kesho.

Kidogo kila siku, na uthibitisho papo hapo

Kwa watu wa kipato cha siku, shilingi 100 kila jioni huwezekana mahali ambapo shilingi 3,000 za mwisho wa mwezi haziwezekani, ijapokuwa jumla ni ile ile. Kikwazo cha mwanzo ni ada ya kutuma. Mwanachama akikatwa ada kila anapotuma kiasi kidogo, atasubiri zijae kwanza, na zikisubiri hazijai. Sacco inaweza kuchagua mpango ambao ada ya kupokea inabebwa na chama, na kwa maoni yangu hakuna matumizi ya matangazo yanayoshinda haya kwa thamani.

Pesa zote zipitie namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la sacco, kamwe si simu ya karani au ya mwenyekiti wa steji, hata awe mwaminifu kiasi gani. Pale ambapo mkusanyaji analazimika kupokea pesa taslimu, kwa mfano kwa kina mama wakongwe wasiotumia simu, apewe kitabu cha risiti chenye namba zinazofuatana, na mtu mwingine akilinganishe na hesabu ya benki kila siku.

Ujumbe wa kuthibitisha unastahili kufikiriwa kuliko inavyofanyika kwa kawaida. Nyingi husema tu kwamba malipo yamepokewa. Linganisha na huu: "Tumepokea Sh 100. Akiba yako ya Machi imefika Sh 2,300. Amana zako zote ni Sh 31,400. Lengo lako: karo ya Januari, Sh 45,000." Mwanachama anayesoma maneno hayo akiwa ameegemea tuktuk yake pale Mwembe Tayari anaona mambo matatu kwa pamoja, yaani kwamba pesa imefika salama, kwamba imejumlishwa na ile ya jana, na kwamba inaelekea mahali alipopataja mwenyewe. Majaribio yaliyofanywa na benki za Peru, Bolivia na Ufilipino yalionyesha kwamba kumbusho za ujumbe ziliongeza kiasi cha akiba kwa takriban asilimia 6, na kwamba zile zilizotaja lengo la mwekaji pamoja na faida atakayopata zilikuwa na nguvu zaidi. Asilimia 6 si muujiza, na ndiyo maana kumbusho zisigeuzwe kuwa mpango mzima, lakini kwa gharama ya ujumbe mfupi ni faida isiyofaa kuachwa.

Vilevile yapeni malengo majina na mahali pake. Utafiti wa Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, uliofanywa magharibi mwa Kenya na kuchapishwa 2013, uliwagawia wanachama wa vikundi vya mzunguko, ambao huchanga na kupokea pesa kwa zamu, njia mbalimbali za kuweka akiba ya afya. Kisanduku cha kawaida chenye kufuli, ufunguo ukiwa kwa mwenyewe, kilitosha kuongeza akiba hiyo kwa asilimia 66, na mipango iliyofanywa ndani ya kikundi ilikuwa na athari kubwa zaidi. Kuifunga pesa kwa kusudi moja pekee kulisaidia hasa watu ambao ndugu na marafiki huwaomba pesa mara kwa mara. Hili linawagusa wengi katika mji huu, ambapo anayejulikana kuwa na pesa hawezi kumfungia mlango jamaa yake mwenye msiba, harusi au mgonjwa. Mtu huyo hataki kuwa mchoyo. Anataka jibu la heshima, na sacco humpa jibu hilo anapoweza kusema kwa ukweli kwamba pesa iko chamani na haitoki kabla ya Januari.

Hapa pana jambo la kisheria ambalo viongozi wengine hulipita haraka. Akaunti ambazo mwanachama anaweza kutoa pesa wakati wowote, kama zile za sikukuu au za matumizi ya kila siku, zinaruhusiwa tu kwa sacco zilizopewa leseni ya kuchukua amana na SASRA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008. Miongoni mwa masharti yake ni mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10 na ukwasi, yaani pesa zilizo tayari kulipwa, usiopungua asilimia 15. Sacco isiyo na leseni hiyo isijaribu kuiga huduma hizo kwa jina jingine. Ifanye akiba za malengo kwa njia ya amana za kawaida na mikopo midogo ya haraka, au ishirikiane na benki.

Onyesheni hesabu ya riba mwezi kwa mwezi

Wanachama wengi huamini kwamba anayeweka shilingi 24,000 kwa mwaka hupata sawa na mwingine aliyeweka 24,000, bila kujali ziliingia lini. Sacco nyingi hazihesabu hivyo. Kila mchango hupata riba kwa miezi uliyokaa. Tuseme mkutano mkuu umepitisha asilimia 10 kwa amana, na hesabu inampa mchango wa Januari miezi yote 12 na wa Desemba mwezi mmoja. Aliyeweka 2,000 kila mwezi atapata shilingi 1,300. Aliyeweka zote 24,000 mwezi wa Januari atapata 2,400. Aliyezileta kwa mkupuo mwezi wa Desemba, ili jina lake lionekane safi kabla ya mkutano, atapata 200. Amana zao ni sawa, hali zao hazilingani hata kidogo.

Hesabu hiyo iandikeni kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, na karani amwoneshe kila mwanachama mpya kwa kalamu, akitumia kiasi ambacho mwanachama huyo ameahidi kuweka. Nimeona watu waliokaa chamani miaka mingi wakiielewa riba yao kwa mara ya kwanza kwa karatasi ya namna hiyo, na mwezi uliofuata wakihamisha tarehe ya mchango wao bila kuombwa. Katika karatasi hiyo hiyo mtenganishe wazi amana na hisa: amana hupata riba na ndizo zinazohesabiwa kwenye mkopo, ilhali hisa hupata gawio, hazirudishwi mtu anapoondoka, bali huhamishiwa mwanachama mwingine anayezinunua. Mambo haya yakielezwa siku ya kujiunga hakuna ugomvi. Yakigunduliwa siku ya kuondoka, aliyeondoka hupita mtaani akisema amedhulumiwa, na maneno yake hufukuza wanachama kumi.

Kuhusu zawadi, toeni kwa aliyeweka bila kukatiza, si kwa aliyeweka nyingi kuliko wote. Mwenye maduka Marikiti atashinda kila mwaka kwa wingi wa pesa, na muuza mahamri atajua kwamba mashindano hayo hayamhusu. Bahati nasibu kwa waweka akiba, ingawa hutumika kwingineko, siishauri hapa, kwa sababu wanachama wengi wa Mombasa wataiona kuwa kamari na kuikimbia.

Mkopo uwe mlango wa akiba zaidi

Ukweli ni kwamba wengi hujiunga na sacco kwa ajili ya mkopo. Kanuni iliyozoeleka ni kukopesha hadi mara tatu ya amana, kwa riba ambayo mara nyingi ni asilimia 1 kwa mwezi ya deni lililobaki. Kanuni hii ni kichocheo kikubwa cha akiba kikitumiwa vizuri. Mwenye amana za 24,000 akikopa 72,000 kwa miezi 12, atalipa shilingi 6,000 za deni kila mwezi pamoja na riba inayoanza na 720 na kumalizika na 60, jumla ya riba ikiwa 4,680. Akiendelea kuweka 2,000 kila mwezi wakati analipa, mwisho wa mwaka amana zake ni 48,000, na sasa anaweza kuomba hadi 144,000. Mwanachama akiuona mwendo huo kwa namba zake mwenyewe, haachi kuweka akiba siku anapopata mkopo, kosa ambalo ndilo huwadumaza wengi.

Lakini kichocheo hicho kina upande wa pili. Mtu anayeweka akiba kwa ajili ya kukopa tu hujaza amana kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba mkopo, pengine kwa pesa alizokopa kwingine, kisha hulala mpaka mkopo ujao. Wekeni sharti kwamba pesa ya mkupuo ihesabiwe kwenye mkopo baada ya kukaa miezi kadhaa, na mpeni kipaumbele cha foleni mwenye historia ya kuchanga mfululizo.

Wakati bora kabisa wa kuzungumza na mkopaji ni mwezi mmoja kabla ya kulipa awamu ya mwisho. Kwa mwaka mzima nyumba yake imezoea kuishi bila zile shilingi 6,000. Karani ampigie simu, ampongeze kwa dhati, na amuombe akubali elfu mbili kati ya hizo ziendelee kuingia kama akiba, elfu nne zikirudi nyumbani kwake. Familia itaona nafuu, na mchango wake utakuwa umeongezeka maradufu. Simu hiyo haichukui dakika tano, nami sijui njia nyingine yenye gharama ndogo inayoweza kubadilisha akiba ya mtu kwa kiasi hicho.

Udhamini nao unagusa akiba kwa njia isiyoonekana. Mwanachama mwenye amana nyingi hufuatwa na kila anayetaka mdhamini, na akiwahi kukatwa kwa deni la mwenzake, huanza kuficha pesa zake nje ya chama. Mlindeni kwa kuweka kikomo cha sehemu ya amana inayoweza kudhamini wengine, kwa kumjulisha mdhamini huyo mapema, mkopaji anapochelewa mwezi wa kwanza badala ya wa sita, na kwa kumfuata mkopaji kikamilifu kabla ya kugusa amana za mdhamini.

Wasiotaka riba

Katika mji wenye Waislamu wengi kama Mombasa, sacco inayotangaza riba kuwa kivutio chake kikuu imejifungia mlango kwa watu wengi wanaotaka sana kuweka akiba. Hatua ya chini kabisa ni kumruhusu mwanachama akatae riba ya amana kwa maandishi, na kumheshimu kwa hilo. Hatua kamili zaidi ni kufungua dirisha, yaani sehemu maalumu ya huduma, linalofuata sharia, lenye hesabu zake za kujitegemea pamoja na ushauri wa masheikh wanaoijua fikihi ya biashara. Katika mpango wa mudharaba, chama na mwanachama hukubaliana mapema uwiano wa kugawana faida itakayopatikana kweli, bila kuahidi kiwango. Katika murabaha, sacco huinunua tuktuk au friza kwanza, ikawa mali yake, kisha humuuzia mwanachama kwa bei inayojulikana pamoja na faida iliyotajwa wazi, naye hulipa kwa awamu. Kubadilisha jina la riba na kuacha kila kitu kama kilivyokuwa hakutamdanganya mtu yeyote anayejali, na kutaharibu sifa ya chama kwa pande zote mbili.

Uaminifu ndio mtaji wa mwisho

Hakuna ujumbe wa simu utakaomfanya mtu aache pesa zake mahali asipopaamini. Mwanzoni mwa 2025 ukaguzi maalumu wa hesabu za KUSCCO, muungano wa sacco ulioanzishwa 1973, ulibainisha hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 13, na sacco zilizokuwa zimewekeza huko zililazimika kutenga fedha za kufidia. Wanachama walisoma habari hizo. Kamati isisubiri kuulizwa. Iandike kwa lugha nyepesi pesa za chama zimewekwa wapi, kiasi gani kimekopeshwa wanachama, kiasi gani kinacheleweshwa, na kiasi gani kiko tayari benki.

Onyesheni leseni au idhini yenu. Sacco inayochukua amana za kutolewa wakati wowote huhuisha leseni yake kila mwaka, na SASRA huchapisha orodha ya zilizopewa. Tangu kanuni za 2020, sacco zisizotoa huduma hiyo lakini zenye amana zinazozidi shilingi milioni 100 nazo zinahitaji idhini ya mamlaka hiyo, na nyingi kati ya zilizosalia zinasimamiwa na Kamishna na maafisa wa ushirika wa kaunti. Msilipe gawio kubwa kuliko faida iliyopatikana, wala msikope benki ili mlipe. Kiwango kinachovutia mwaka huu kwa pesa za deni hulipwa mwakani na wanachama hao hao.

Na anayetaka kuondoka aondoke kwa utaratibu. Sheria ndogo nyingi huweka taarifa ya siku 60, baada ya madeni na udhamini kusafishwa. Mlipeni siku hiyo ikifika, si miezi mitano baadaye. Jirani yake anayemtazama bado yuko chamani.

Kuanza na kupima

Msianzishe haya yote kwa pamoja. Chagueni kundi moja, kwa mfano madereva wa steji mbili au wavuvi wa sehemu moja, mkae nalo miezi sita. Namba ya kufuatilia si jumla ya amana, maana wanachama wachache wenye pesa wanaweza kuipandisha huku wengine wote wakilala. Fuatilieni ni wangapi kati ya kila mia wa kundi hilo waliochanga chochote mwezi huu, na wangapi wamechanga miezi mitatu mfululizo. Namba hizo ziletwe kwenye kila kikao cha kamati, zikiwa zimegawanywa kwa chanzo cha kipato. Safu ya madereva ikishuka, mjumbe mmoja aende steji wiki hiyo hiyo kuuliza kilichobadilika, iwe ni bei ya mafuta, kiasi cha siku kinachodaiwa na wenye vyombo au ujumbe wa kuthibitisha unaochelewa kufika, na jibu lake liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla ya barua yoyote kutumwa kwa mwanachama.